Mwiba wa Kisigino Si Mwiba

Jirani yangu hukaanga vitumbua tangu alfajiri, na hukaanga amesimama. Kwa miezi kadhaa akawa kila akiamka, hatua ya kwanza sakafuni ni kama amekanyaga kaa la moto. Akishatembea kidogo maumivu hulegea. Akikaa kwenye kigoda kisha akainuka, yanarudi. Akaenda kupigwa picha. Kijana aliyemsomea majibu akamwambia, "Mama, una mwiba kwenye kisigino." Naye akamjibu kwa moyo mweupe, "Basi mwanangu, nichomoe."

Watu waliokuwepo walicheka. Mimi naona jibu lile ndilo Kiswahili chenyewe. Mwiba kwetu hutoka nje. Humchoma mtu njiani, akauketia juani na sindano, akauchokonoa hadi utoke, maumivu yakaisha. Ukimwambia mtu ana mwiba umeshamwambia na dawa yake. Kijana alitumia istilahi inayozidi kuenea, "mwiba wa kisigino", na istilahi hiyo ndiyo iliyompotosha mama yule.

Kitu chenyewe ni ncha ya mfupa inayoota polepole upande wa chini wa mfupa wa kisigino, ikielekea vidoleni. Haikuingia, ni mfupa wa mtu mwenyewe. Wajerumani na Waingereza waliipa jina la kile chuma ambacho mpanda farasi hufunga kwenye kiatu, jina ambalo kwao ni pia la ile kucha ngumu iliyo nyuma ya mguu wa jogoo. Sasa kucha ile ya jogoo Kiswahili kinayo siku nyingi: ni kipi. Kipi humwota jogoo mwenyewe, ndani yake mna mfupa, hurefuka kadiri anavyozeeka, na wala hakimuumi. Sijui mfano ulio karibu zaidi na kile kinachoonekana kwenye picha. Kwa nini tulikiruka tukaenda kuokota mwiba?

Labda kwa sababu picha yenyewe inashawishi. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi inayoipiga picha hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kwa kuwa hakujua ni kitu gani aliipa herufi ambayo wanahesabu huipa namba isiyojulikana. Sisi tukaimeza herufi hiyo pamoja na jina zima: eksirei. Kamusi zina pia neno uyoka, zuri la kutamka, lakini hospitalini utasikia eksirei, au kwa ufupi zaidi, "nimepigwa picha". Neno hili picha ndilo ninalolitilia shaka. Picha hutufanya tuamini kwamba tunaona yote. Eksirei ni kivuli. Mionzi inapita mguuni. Mfupa, kwa wingi wa madini yake, unaizuia na kutokea mweupe, nyama inaipitisha na kubaki kijivu. Kwa hiyo ncha ya mfupa inang'aa pale chini ya kisigino, kali kama kitu cha kuchoma, na kila anayeiona anasema: ndiyo hiyo.

Mara nyingi siyo hiyo. Kinachouma asubuhi ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole na kuushikilia upinde wa unyayo kama ugwe unavyoushikilia uta. Umevutwa mno, umechoka pale uliposhikana na mfupa, nao ni nyama laini ambayo kivuli hakiionyeshi vizuri. Anayetaka kuuona hutumia altrasaundi, ambayo huonyesha kama umenenepa kupita milimita 4 hivi. Watu wengi wana kipi kisiginoni na hawajawahi kulalamika. Wengine wanalia kwa maumivu na picha zao ni safi. Isitoshe, mara nyingi ncha hiyo huota kwenye shina la misuli midogo iliyo juu ya utando, wala si ndani ya utando wenyewe. Jirani yangu alihitaji viatu vyenye soli nene, kunyoosha unyayo na shavu la mguu kila siku, kigoda cha kukalia anapokaanga, na subira ya miezi. Wengi hupona hivyo, na kipi chao kikabaki palepale.

Basi picha ya kisigino ni ya nini? Ni ya mfupa, na kwa mfupa haina mpinzani wa karibu kwa bei na kwa wepesi. Mionzi yake ni kidogo sana, chini ya ile ambayo mtu huipata kwa siku moja kutoka ardhini na angani.

Mfikirie mkwezi wa minazi aliyeteleza akatua kwa miguu. Uzito wote unashuka kwenye mfupa wa kisigino, mkubwa kuliko mifupa yote 26 ya mguu huo kuanzia kifundo kwenda chini, nao ndani yake ni kama mkate: ganda jembamba, kati una matundu. Hauvunjiki kama kijiti, unapondeka. Hapo hupigwa picha ya ubavuni, na nyingine ambayo mionzi hupita kutoka chini ya unyayo au nyuma ya kisigino. Kwenye ile ya ubavuni msomaji huchora mistari miwili juu ya mgongo wa mfupa na kupima pembe inayotokea. Pembe hii inaitwa kwa jina la Lorenz Böhler, mpasuaji wa Austria. Kwa mtu mzima huwa kati ya nyuzi 20 na 40. Ikishuka chini ya hapo, mfupa umebonyea, hata kama hakuna ufa unaoonekana kwa macho. Na tabibu mzoefu haishii kisiginoni. Atamuuliza mkwezi yule kuhusu kiuno, maana nguvu iliyoponda kisigino hupanda hadi kwenye pingili za mgongo, na atautazama mguu wa pili.

Kuna pia ufa mwembamba wa wanaotembea au kukimbia kupita kiasi, kama vijana walioingia mafunzo ya kijeshi. Huu hujificha. Picha ya wiki ya kwanza huweza kuwa safi kabisa. Wiki 2 au 3 baadaye mfupa ukianza kujiunga, mstari mweupe unajitokeza. Mtu aliyeambiwa "huna kitu" akaendelea kukimbia hujuta.

Na kwa mtoto wa miaka 10 anayecheza mpira, nyuma ya kisigino kuna kipande kilichotengana na mfupa mkubwa kwa mstari mweusi. Mgeni wa picha hizi atasema umevunjika. Ni mahali mfupa unapokulia, na kipande hicho huungana na mwenzake ujanani.

Nirudi kwenye kipi, maana neno hili lina udhaifu wake nami siufichi. Mtu akisikia "una kipi" atauliza "kipi kipi?", na wingi wake ndio balaa: "una vipi viwili" inafanana na salamu ya vijana. Ndiyo maana ningelisindikiza daima: kipi cha mfupa, kipi cha kisigino. Majibu ya jirani yangu ningeyaandika hivi: mfupa haujavunjika wala kupondeka, kuna kipi kidogo upande wa chini, huonekana pia kwa watu wasioumwa, utando wa unyayo hauonekani kwa picha hii, upimwe kwa kidole.

Kijana, baada ya kicheko, ndivyo alivyofanya. Alibonyeza kwa kidole gumba sehemu ya ndani ya kisigino, kidogo mbele, na mama akaruka.