Ngome ya Mpala na Neno "Divai"

Katika nchi nyingi za Ulaya, hasa zile zenye mizabibu, kasri za kale zimegeuzwa kuwa nyumba za makumbusho ya maisha ya shamba. Mgeni huingia kwa lango la mawe, akaonyeshwa plau, mapipa na shinikizo la zabibu, kisha huelezwa jinsi babu za wenyeji walivyoishi. Mwanafunzi mmoja, baada ya kusoma habari za kasri ya namna hiyo katika kitabu cha Kifaransa, aliniuliza darasani kama sisi wa ziwa Tanganyika tunacho kitu kifananacho na hicho. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lina jibu, na jibu lenyewe lina uchungu kidogo: ngome tunayo, vyombo vilikuwepo, na kinywaji kipo hadi leo, lakini vitu hivi vitatu havikai mahali pamoja.

Tuanze na ngome. Neno "kasri" tulilipokea kutoka Kiarabu, na wataalamu wengi hukubali kwamba Waarabu nao walilitoa katika Kilatini *castrum*, yaani kambi ya askari. Mzizi huohuo ndio uliozaa majina ya kasri katika Kifaransa na Kiingereza. Kwetu, hata hivyo, watu husema "boma", na boma la Mpala, kusini mwa Kalemie, karibu na mdomo wa mto Lufuko, lilikuwa kweli kambi ya askari kabla ya kuwa jambo lolote jingine. Lilianzishwa mwaka 1883 na Émile Storms, afisa Mbelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, aliyekuwa tayari akikiongoza kituo cha Karema katika ufuko wa mashariki. Alijenga katika nchi ya Watabwa, kwa mapatano na mtawala wa mahali hapo, Mpala, ambaye jina lake ndilo lililobaki.

Storms hakukaa kwa amani. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtawala mwenye nguvu aliyefanya pia biashara ya watumwa, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilichukuliwa Ubelgiji, na leo limo katika taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Sanamu ya mbao ya ukoo wake pamoja na vitu vingine alivyovikusanya Storms vilikaa nyumbani kwake. Katika miaka ya 1930 mjane wake alivitoa kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Ikiwa leo Mtabwa anataka kuona kwa macho kazi ya mikono ya wahenga wake wa wakati ule, sharti apate viza.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Storms aliitwa arudi kwao, na vituo vya Karema na Mpala vikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadri Weupe. Boma likawa misheni. Kuanzia 1887 Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alilinda eneo hilo dhidi ya wavamizi waliotafuta watumwa. Alifariki katika nchi hii mwaka 1927. Ni Mpala pia ambapo Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 na kuwa padri wa kwanza Mkongomani wa zama hizi, alipata masomo yake ya mwanzo ya seminari.

Na hapo ndipo divai inapoingia. Sheria ya Kanisa Katoliki yataka divai ya Misa itokane na tunda la mzabibu. Pombe ya mtama au ya ndizi haifai, hata ikiwa safi namna gani. Shirika hilo, lililoanzishwa na Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, halikuwa geni katika kilimo cha mizabibu: lilikuwa na mashamba yake Maison-Carrée, na tangu 1895 huko Thibar, Tunisia, ambako jina la divai ya "Château Thibar" lajulikana hadi sasa. Lakini ziwani kwetu kila chupa ya altare katika miaka ile ya mwanzo ilikuwa mzigo wa mpagazi, kutoka pwani kupitia Ugogo na Tabora hadi Ujiji au Karema, kisha kwa mashua. Wapagazi waliokuwa wakipita Ugogo na kiu yao hawakuweza kujua kwamba udongo waliokuwa wakiukanyaga, kandokando ya Dodoma, ungekuja kuwa nchi ya zabibu ya Tanzania.

Lugha imehifadhi safari hiyo vizuri kuliko kabati la vioo. Pwani walikuwa na "mvinyo", kutoka Kireno *vinho*. Kilingala kina "vino". Kiswahili cha Wakatoliki kikapokea "divai", na asili yake si *vin* peke yake bali *du vin*. Kiambishi hicho kidogo cha mwanzo kina maana kubwa kwa mwanahistoria. Neno lililochukuliwa katika kamusi huja uchi. Neno lililosikiwa mezani huja na nguo zake, kwa kuwa mwenye kiu hasemi "divai" tu, husema anataka "kiasi cha divai". Waliotupa neno hili, kwa hiyo, hawakuwa wasomi bali vijana wa jikoni na wahudumu wa altare wa mapadri Wafaransa, iwe ni wa Roho Mtakatifu kule Bagamoyo au Mapadri Weupe huku bara. Majina yao hayakuandikwa popote, ila masikio yao yamo katika kamusi.

Pombe ya wenyeji haikupata heshima hiyo. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotanguliwa na kampeni ya Lavigerie dhidi ya utumwa, uliweka pia vizuizi juu ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Nia haikuwa mbaya. Vileo vya Ulaya vilikuwa vikiharibu watu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba divai ilibaki kitu kitakatifu na pombe ya kienyeji ikawa jambo la kuungamwa. Mwanamke akeneka-ye lutuku bado hufanya kazi yake nyuma ya nyumba, kama mwizi. Ufundi wake, nathubutu kusema, haupungukiwi na ule wa mtengenezaji wa divai: kuloweka mahindi mpaka yachipue, kuyaanika, kuyatwanga, kupika uji, kuuacha uchachuke, na kujua kwa pua tu siku gani uwekwe motoni. Kwa munkoyo hutiwa mizizi iliyopondwa, ambayo huyageuza mahindi kuwa na utamu. Mkemia ataeleza kwa vimeng'enya, mama anaeleza kwa mkono.

Tulipofika Mpala kwa boti, mimi na wanafunzi sita, tulitazama kanisa, tukatazama ziwa, kisha tukatumia siku mbili nzima uani kwa bibi mmoja mzee, tukiandika. Kwa Kitabwa pombe hiyohiyo ina jina lake siku ya kwanza, jingine siku ya pili na jingine ikishakomaa. Machicha nayo yana jina yakiwa mabichi na jina yakiwa ya kuku. Wanafunzi wawili wenye asili ya huko hawakuwa wamewahi kusikia hata nusu yake. Tulipofunga madaftari bibi akauliza:

"Na haya nayo, wanangu, mnayapeleka wapi?"

Tulinakili orodha yote upya usiku ule kwa mwanga wa taa. Nakala moja iko idarani kwetu Kalemie. Ya pili tuliiacha kwake, na mjukuu wake, anayesoma darasa la tano, alianza kumsomea kabla hatujapanda boti, akisahihishwa karibu kila mstari.