Ulanzi na Samaki wa Manda

Samaki kwa mvinyo mweupe, ndiyo kanuni ya hoteli zetu. Ukikaa mezani Njombe au Makambako utatajiwa wa Dodoma, zao la mizabibu iliyoletwa na wamisionari wa Kiitalia, au wa Afrika Kusini. Ulanzi hautajwi. Kwa nini?

Sababu ni ya historia, si ya ladha. Waingereza waliitungia pombe ya Mwafrika sheria yake peke yake; cha chupa kikawa cha Mzungu. Tulipokwisha kujitawala, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikabakiza mgawanyo ule ule: baa mbali, kilabu cha pombe ya kienyeji mbali. Ulanzi ukabaki kilabuni, kwenye madumu.

Sasa teremkeni hadi Manda, wilayani Ludewa, mlangoni mwa mto Ruhuhu, bandari ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen. Joto la Ziwa Nyasa, mbasa wa kubanika, ugali wa muhogo. Hapo mtu anataka kitu cheupe chenye uchachu kidogo, cha kukata mafuta ya samaki. Ulanzi wa siku ya pili ndio huo hasa. Mianzi michanga hukatwa ncha asubuhi na jioni msimu wa mvua, utomvu ukadondokea kwenye mbeta. Ule mbichi, mtogwa, ni mtamu mno. Mkangafu nao utakusahaulisha samaki mwenyewe.

Tatizo ni kalenda. Mvua hiyo hiyo ndiyo humpandisha mbasa Ruhuhu kwenda kutaga, na nyavu humngoja mlangoni. Mimi ningeagiza usipa.