Mlembe na Warina Asali: Elimu Iliyongoja Kuandikwa

Mlembe si ndege wa kuvutia macho. Kwa umbo ni mdogo kuliko njiwa. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo mkavu, na tumbo lake ni jeupe lililofifia. Isipokuwa dume, mwenye koo jeusi, alama nyeupe shavuni na doa dogo la manjano begani, hana pambo la kumfanya mpita njia asimame. Waandishi waliosifu uzuri wa ndege wa Afrika waliwaendea heroe na korongo, wakampita mlembe. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja ndege mwingine wa porini ambaye mwenendo wake umeingia katika maisha ya binadamu kwa namna ya ajabu kama huyu. Mlembe humwita mtu, humwongoza mpaka penye nyuki, kisha hungoja fungu lake.

Mwenendo wenyewe unajulikana vyema kwa warina asali wa nchi nyingi kusini mwa Sahara. Ndege hukaribia watu akitoa mlio mkali wa kukariri upesi, mfano wa njiti zinazotikiswa ndani ya kisanduku cha kiberiti. Mtu akimwelekea, huruka mbele kwa mwendo wa kujionyesha, akikunjua mkia ili manyoya meupe ya pembeni yaonekane, kisha hutua na kulia tena. Hivyo huenda wakifuatana, mti kwa mti, hadi wafike kwenye mzinga wa asili uliomo ndani ya shina au pangoni. Mtu anao moto wa kuwatuliza nyuki na shoka la kupasulia mti, mlembe hana. Kwa upande wake mlembe anajua nyuki walipo. Mtu huchukua asali, na ndege hula majana na nta. Huyu ni miongoni mwa viumbe wachache mno wanaoweza kuifanya nta kuwa chakula.

Mtu wa kwanza kuyaandika haya katika lugha ya Ulaya, kwa kadiri ijulikanavyo, ni João dos Santos, mmisionari Mreno wa shirika la Wadominiko aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16. Hakuanza kwa kumwona ndege porini. Alimwona kanisani, akiingia na kudonoa nta ya mishumaa iliyokuwa juu ya altare. Katika kitabu chake *Ethiopia Oriental*, kilichopigwa chapa Évora mwaka 1609, alieleza pia jinsi ndege huyo awaongozavyo watu kwenye asali, na akalihifadhi jina alilolisikia kwa wenyeji: *sazu*. Jambo hili lastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Dos Santos aliweza kuona kwa macho yake mwenyewe kwamba ndege anakula nta. Lakini maana ya mwenendo wake wa porini aliipata kwa wale waliompa na jina.

Habari hiyo haikusambaa sana. Ilimpasa Anders Sparrman, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, kuileta upya mbele ya wataalamu wa Ulaya baada ya safari zake katika Rasi ya Kusini. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1777 katika jarida la Royal Society ya London, na ndege akapewa jina la kitaalamu *Cuculus indicator*, yaani kekeo aonyeshaye. Leo anaitwa *Indicator indicator*, na jamaa yake wa karibu si kekeo. Sparrman anasimulia kwamba aliwaahidi Wakhoikhoi waliokuwa wakimwongoza ushanga na tumbaku ikiwa watamsaidia kumpiga ndege huyo, nao wakakataa kwa sababu ndege ni rafiki yao. Mtaalamu alihitaji mzoga ili aandike. Wenyeji walimhitaji ndege hai.

Kuandikwa hakukuleta kuaminiwa. James Bruce, Mskoti aliyesafiri Ethiopia, aliipinga habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1790. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi iliyojaa nyuki kiasi kile haina haja ya ndege wa kuwaonyesha watu asali. Hoja hiyo ni ya kimantiki, na ni mbovu. Mrina asali yeyote aliyewahi kuzunguka nyika siku nzima akarudi na kibuyu kitupu angeweza kumjibu. Ila mrina asali hakuwa mshiriki katika mabishano yale. Alikuwa ndiye anayesimuliwa habari zake.

Si kwamba kila kilichopokewa kutoka kwa wenyeji au wasafiri kilikuwa sahihi. Hadithi mashuhuri ya kwamba mlembe humwongoza nyegere imekaririwa vitabuni tangu zama za Sparrman, na ushahidi wake hadi leo ni haba. Warina asali wengi walioulizwa katika miaka ya karibuni walisema hawajapata kuwaona wawili hao pamoja, ingawa wengi miongoni mwa Wahadzabe wanadai wamewaona. Hali kadhalika imani iliyoenea mno, kwamba mlembe asiyepewa fungu lake atalipiza kisasi safari ijayo kwa kumpeleka mtu kwa simba au nyoka, ni bora ichukuliwe kama fundisho la wajibu kuliko kama taarifa ya mambo ya ndege. Herbert Friedmann, Mmarekani aliyeandika kitabu kikubwa juu ya ukoo huu wa ndege mwaka 1955, alizikusanya simulizi za namna hiyo kwa bidii.

Lakini Friedmann hakuweza kuamua jambo moja: je, ndege huyu kweli anajua aendako? Jibu lilitoka kaskazini mwa Kenya. Hussein Adan Isack, mtafiti Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha mwaka 1989 matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa Waborana. Umuhimu wa kazi hiyo kwa historia hii umo katika njia iliyotumika. Watafiti waliwauliza warina asali wanachokifahamu, wakakifanya kuwa dai la kupimwa. Waborana walisema mlembe huwapa habari tatu. Kwanza ni upande wa kwenda, kwa mwelekeo anaorukia. Pili ni umbali, kwa sababu kadiri mzinga unavyokaribia ndege hutoweka kwa muda mfupi zaidi aendapo mara ya kwanza, vituo vyake husogeleana, na matawi anayotua huwa ya chini zaidi. Tatu ni kufika, kwa kuwa hapo mlio hubadilika, ukawa laini na wenye vituo virefu, kisha ndege hunyamaza. Madai haya yalipopimwa kwa hatua na saa, yalithibitika. Bila ndege, mtafutaji katika nchi asiyoizoea alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Akifuata ndege, saa 3.2. Na katika mizinga iliyochunguzwa, asilimia 96 isingeingilika kwa ndege kama mtu asingeifungua.

Waborana, nao, humwita ndege. Kifaa chao, *fuulido*, ni mluzi unaopulizwa kwa kufumba viganja, au kwa kutumia gamba la konokono au kokwa la mkoma lililochimbwa, na sauti yake husikika zaidi ya kilomita moja. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hawapigi mluzi. Hutoa mtetemo wa ulimi unaofuatwa na mguno mfupi. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba sauti hiyo huongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, ikilinganishwa na sauti nyingine. Walipoulizwa kwa nini wanatumia sauti ile na si nyingine, Wayao walijibu kwamba ndiyo waliyofundishwa na baba zao.

Jibu hilo ni la kiisimu kuliko linavyoonekana. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao humwita ndege huyu *tik'iliko*, hutumia mluzi wenye mahadhi. Spottiswoode na Brian Wood walipiga sauti za makabila yote mawili katika nchi zote mbili, na mwaka 2023 wakatoa matokeo: kwa Wahadzabe, mlembe aliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu ya alivyoitikia sauti ya Kiyao, huko Niassa aliitikia ile ya Kiyao mara mbili zaidi. Uhusiano kati ya sauti na maana ni wa mapatano ya mahali, jambo ambalo wanaisimu wamezoea kulisema juu ya maneno ya binadamu. Kuiita hali hii lugha ni kupita kiasi. Lakini kuna ishara, kuna mapokeo, na kuna tofauti za kimaeneo zinazofahamiwa na pande zote mbili.

Desturi za malipo nazo hutofautiana. Wayao humwachia ndege nta juu ya majani mabichi; Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza.

Maneno yanayohusu shughuli hii katika lugha za Kenya, yaani majina ya milio, ya vituo, ya vifaa na ya fungu la ndege, yamekusanywa kidogo mno, na wayajuao ni wazee. Mahali ambapo sukari ya dukani na mizinga ya kutundika vimechukua nafasi ya asali ya porini, imeshuhudiwa kwamba ndege huacha kuwaendea watu. Kinda la mlembe huanguliwa gizani, ndani ya shimo la ndege wa jamii nyingine, huwaua makinda wa mwenye kiota kwa ncha kali za mdomo wake, na hulelewa na wazazi wa kambo wasioongoza mtu yeyote. Kwa hiyo halifundishwi na mamaye mluzi wa nchi yake. Hulisikia kwa watu, pale ambapo watu bado wanapiga mluzi.