Exilim EX-S1 na EX-M1

Exilim EX-S1 na EX-M1 ni kamera pacha za dijitali zilizotolewa na kampuni ya Casio ya Japani mwaka 2002. Jina Exilim liliungwa kutokana na neno la Kilatini *eximius*, "ya kipekee", na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Wembamba huo si wa tangazo tu: EX-S1 ina unene wa milimita 11.3, na EX-M1 milimita 12.4. Uso wa kila moja, milimita 88 kwa 55, unakaribia kadi ya benki, hivyo kamera hukaa katika mfuko wa shati bila kuuvuta.

Zote mbili hutumia kihisi cha pikseli milioni 1.24 na lenzi isiyosogea. Picha ya upana wa pikseli 1280 hutoka safi ikichapwa kwa sentimita 10 kwa 15. Ikikuzwa kwa ajili ya fremu ya ukutani, nyuso huanza kuvunjika vipande. Wembamba una gharama yake. Kwa kuwa lenzi haitafuti umbali wenyewe, kitu kilicho karibu sana hutoka na ukungu. Anayetaka kunakili cheti cha ubatizo kwa kamera hii amekosea chombo.

Lakini kwa mpiga foto wa Kasongo au Kabambare, katika jimbo la Maniema mashariki ya Kongo, lenzi hiyohiyo ina faida: haitoki nje wala kurudi ndani, kwa hiyo vumbi jekundu la barabara za kiangazi halipati bomba la kukwamisha.

Tofauti ya pacha hawa ni sauti. EX-M1 hupiga muziki wa MP3 na kunasa video yenye sauti. Video ya EX-S1 ni bubu. Kumbukumbu ya ndani ni megabaiti 12, na kwa kuwa muziki wa ubora wa kawaida hula takriban megabaiti moja kwa dakika, bila kadi ya SD mwenye EX-M1 atasikiliza nyimbo tatu hivi, na hatabakiwa na nafasi ya foto. Hata hivyo milimita 1.1 za ziada zinastahili kulipiwa. Katika harusi, vigelegele ni nusu ya kumbukumbu.

Udhaifu mkubwa uko nje ya kamera. Betri huchajiwa kamera ikiwa imeketishwa juu ya kitako chake maalumu. Mahali ambapo umeme mwingi hutoka kwenye jenereta au paneli za jua, na watu hupeleka vifaa kibandani vichajiwe, kitako nacho hakina budi kwenda. Kikipotea, kamera haichajiwi tena kwa njia yake ya kawaida.

Maniema ina uhusiano mwingine na vifaa vya aina hii, unaoanza kabla kamera haijapiga foto yoyote. Kapasita ndogo za tantali, zinazowezesha saketi kubanwa katika nafasi finyu, hutokana na koltani. Risasi ya kulehemu hutumia bati, linalotolewa katika kasiteriti. Nyuzi laini ndani ya chipu mara nyingi zilikuwa za dhahabu. Madini yote matatu huchimbwa Maniema, na dhahabu ya Namoya iko katika territoire ya Kabambare. Bei ya tantali ilipaa mwaka 2000, vita vikiwa vimeshika mashariki ya Kongo, kisha ikaporomoka 2001, mwaka mmoja kabla ya pacha hawa kuzaliwa. Madini ya mashimo mengi huchanganywa kiwandani, na hivyo kamera haina alama ya kijiji.

Katika Kongo, wengi walikaa mbele ya lenzi ya dijitali kwa ajili ya karatasi, si sherehe. Uandikishaji wa wapiga kura wa 2005 ulitumia vifaa vilivyopiga picha na kuchapa kadi papo hapo, na kadi hiyo ikawa kitambulisho cha kawaida nchini.

Casio iliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018. Betri ya pacha hawa, aina ya NP-20, ilitumika pia katika Exilim nyingine nyingi, hivyo wasiwasi mkubwa si betri: anayeuziwa EX-M1 kuukuu aulize kwanza habari za kitako.