Mimba Changa na Vipimo vya Homoni

Msomaji, ni hofu chache zinazolingana na hofu ya mwanamke mwenye mimba changa. Mtoto hajaanza kucheza tumboni, wala tumbo lenyewe halijaonekana. Hata hivyo mama huhesabu siku na kujiuliza kama kiumbe chake ki salama. Siku hizi aweza kupimwa damu, akapewa karatasi yenye hesabu ya homoni, na mara nyingi hesabu hiyo humzidishia wasiwasi badala ya kumpunguzia. Yafaa basi tujue hesabu hiyo ilitoka wapi, na jinsi hofu hiyo hiyo ilivyopata kuwapotosha hata madaktari wenye elimu kubwa.

Hamu ya kujua habari za mimba ni ya kale. Katika Misri, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mwanamke aliambiwa akojolee punje za ngano na shayiri. Zikiota, ilisemekana kwamba ana mimba. Usiwacheke watu wale. Walihisi ya kwamba mkojo wa mjamzito una kitu kisichokuwamo katika mkojo wa watu wengine, na katika hilo hawakukosea.

Kitu hicho kilifuatwa na madaktari wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek. Mwaka 1928 walitangaza ya kuwa panya jike mchanga akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito, vifuko vyake vya mayai hupevuka kabla ya wakati wake. Kinachofanya hivyo ni homoni, yaani kemikali inayotengenezwa na sehemu moja ya mwili ili kuiamrisha sehemu nyingine. Homoni hii, ambayo leo huitwa hCG, hutoka katika chembe zinazojenga kondo la nyuma.

Bara letu nalo lina fungu katika habari hii. Mwingereza Lancelot Hogben, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cape Town hadi mwaka 1930, alichunguza chura wa Afrika Kusini na kuona jinsi homoni zinavyomfanya atage mayai. Baadaye ikajulikana ya kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito, hutaga kabla ya siku kwisha. Panya alikuwa lazima auawe ndipo apasuliwe. Chura aliishi, akatumika tena. Basi vyura wakasafirishwa kwa maelfu mpaka Ulaya na Marekani, wakafanya kazi hiyo hadi vipimo vya kemikali vilipochukua mahali pao katika miaka ya 1960.

Kufikia hapo swali lilikuwa moja tu: ana mimba au hana? Lakini mama alikuwa na swali la pili, zito zaidi: je, itakaa?

Huko Boston, Marekani, mtu na mkewe, George Smith na Olive Smith, walipima homoni katika mkojo wa wajawazito. Waliona ya kuwa kabla ya mimba nyingine kuharibika, homoni hupungua. Wakawaza hivi: ikiwa homoni zimepungua, na tuziongeze. Dawa ilikuwapo tayari. Mwaka 1938 Charles Dodds na wenzake huko Uingereza walikuwa wametengeneza stilbestroli, iitwayo pia DES, yenye nguvu kama homoni za kike. Katika miaka ya 1940 wajawazito wakaanza kuimeza kwa wingi, kila mmoja akiamini kwamba anamlinda mwanawe.

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Ni kweli, lakini mwenye kupepea moshi hajauzima moto. Leo twajua ya kwamba karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema huharibika kwa sababu kiumbe hakikuumbika sawasawa tangu mwanzo. Mimba ikififia, homoni hupungua. Upungufu huo mara nyingi ni dalili ya msiba, wala si chanzo chake.

Mwaka 1953 William Dieckmann na wenzake wa Chicago walitoa matokeo ya jaribio la haki. Wanawake 840 walipewa DES, na wengine 806 wakapewa vidonge visivyo na dawa, bila kujua ni vipi. Dawa haikuonekana kuwa na faida yoyote. Hata hivyo madaktari wengi waliendelea kuiandika, kwa maana ni vigumu kumwambia mama mwenye hofu ya kuwa huna la kumpa.

Malipo yalikuja baada ya miaka mingi. Madaktari wa Boston walishangaa kuona wasichana wakipatwa na saratani ya uke ya namna iliyokuwa nadra mno kwa vijana. Mama wa mmoja wao akauliza kama dawa aliyoimeza alipokuwa mjamzito yaweza kuwa sababu. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake walitangaza habari za wagonjwa wanane. Mama za saba kati yao walikuwa wametumia DES. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaonya kwamba wajawazito wasipewe dawa hiyo. Zaidi ya hayo, mabinti wengi waliozaliwa na mama hao walipata taabu ya kushika mimba au kuihifadhi. Dawa iliyokusudiwa kumlinda mtoto ilimdhuru mtoto yule yule.

Je, tuvitupe vipimo? Hasha. Hesabu moja ya hCG haitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa wajawazito wenye afya hutofautiana sana. Lakini hesabu mbili, zilizopimwa siku mbili mbalimbali, huonyesha kama homoni inapanda kama ipasavyo. Mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, ambayo Ian Donald wa Glasgow na wenzake waliieleza mwaka 1958, huonyesha mahali mimba ilipo. Mama mwenye maumivu makali ya tumbo, kutokwa damu au kuzirai apelekwe hospitali upesi, kwani mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huweza kumuua.

Basi wewe unayesoma, huenda kesho ukawa mwuguzi, daktari, mama au baba. Kipimo ni shahidi, nacho huhitaji kusikilizwa pamoja na mashahidi wengine kabla hukumu haijatolewa. Na ukiletewa dawa, hata kwa moyo wa huruma, uliza kwanza: imejaribiwa vipi, na jaribio lilionyesha nini? Mama mmoja wa Boston aliuliza swali, na kwa swali lake watoto wengi ambao hawajazaliwa waliokoka.