Utando wa Maneno, si Kamusi ya Akilini

Kijitabu cha mafunzo ya walimu wa Kiingereza kilichotufikia hapa Nyasura, Bunda, kinatuarifu kwamba mwanafunzi wa lugha ya pili akitafuta neno "hufungua kamusi yake ya akilini". Hufungua! Laiti ingekuwa hivyo, tungemwekea alamisho tukapumzika.

Kamusi hupanga maneno kwa herufi. Akili haina habari na herufi. Mtajie mtu yeyote wa Bunda neno "chumvi" uone kama atakujibu "chuna" kwa sababu hayo ni majirani kamusini. Atasema sukari, au mboga. Jambo hili si geni: Francis Galton alijipima mwenyewe kwa njia hiyo mwaka 1879, na mwaka 1910 Kent na Rosanoff wa Marekani waliwatajia watu 1,000 maneno 100, kila mtu ajibu neno la kwanza linalomjia. Kwa "meza", jibu lililoongoza lilikuwa "kiti". Kamati yetu ya istilahi, miaka zaidi ya mia baadaye, ingali katika A, B, Ch.

Watetezi wa kamusi wana silaha moja ambayo hawajui kuwa wanayo, nami nitawapa bure. Neno lenyewe halikuanza na maana ya kitabu. Kwa Kiarabu qamus ni bahari kuu, neno ambalo inasemekana lilitoka kwa Wayunani na okeanos yao. Mwanazuoni al-Firuzabadi, aliyefia Zabid huko Yemeni mwanzoni mwa karne ya 15, aliliita kusanyo lake la maneno al-Qamus al-Muhit, yaani bahari inayozunguka. Kitabu kikavuma hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo, nasi tukalipokea likiwa limekauka tayari. Bahari akilini ningeikubali. Lakini nani leo akisikia kamusi huwaza mawimbi?

Wapo pia wa "leksikoni ya kiakili", ambao hudhani irabu ya mwisho inatosha kumpa mgeni uraia. Na wapo wa "msamiati wa akilini": neno zuri, ila hutaja wingi wa maneno tu, likanyamaza kuhusu vinavyoyaunganisha, na hapo ndipo penye hoja.

Napendekeza utando wa maneno, yaani maneno aliyonayo mtu akilini pamoja na nyuzi zinazoyaunganisha. Shina ni tanda, na uzao wake ni mkubwa: tandika, tandua, tandaa, tandaza, mtandio, mtandao, na mtande, zile nyuzi ambazo mfumaji huzitanda kwanza ndipo apitishe mshindio. Buibui naye hutoa uzi tumboni mwake, hanunui dukani. Gusa uzi mmoja, wa upande wa pili utikisike. "Mtandao" ungefaa, lakini kampuni za simu zimeshaujengea minara: utaje darasani, na wanafunzi watauliza bando ni shilingi ngapi.

Nilipoliwasilisha neno hili katika semina moja, mwenzetu wa chuo kikuu, ambaye simtaji kwa kuwa hupenda kutajwa, alisimama akasema utando ni ugonjwa wa macho. Ukumbi ukacheka. Basi na kiini tukiache kwa sababu kimo ndani ya yai? Utando huwa juu ya maziwa, huwa machoni, huwa pembeni mwa dari, na kote humo maana ni ile ile ya kitu kilichotanda.

Sasa tazama watoto wetu, waliosoma msingi kwa Kiswahili kisha Kidato cha Kwanza wakakuta Kiingereza kimeshika karibu kila somo. Uzi wao wa kwanza haupiti kutoka Kiingereza kwenda Kiingereza. Hupitia Kiswahili, hali ambayo Uriel Weinreich aliieleza mwaka 1953. Mkono mmoja unabeba "hand" na "arm". Kidole kinabeba "finger" na "toe". Anayesikia baridi kwa Kiswahili ataisikia kwa Kiingereza pia, na anayefungua redio nyumbani ataifungua kama mlango. Chini yake zimo nyuzi za Kijita, Kiikizu au Kikurya. Huku Mara, ambako l na r hubadilishana viti bila kuombana radhi, "light" na "right" hukaa kwenye uzi mmoja, na "lice" hujipenyeza kwenye sahani ya "rice". Paul Meara aliona jambo la jamaa hii kwa Waingereza waliojifunza Kifaransa: walijibu kana kwamba wametajiwa neno jingine linalofanana kwa sauti. Si uzembe wa mtoto wa Nyasura, basi.

Matumizi yake darasani: mwalimu ataje neno, wanafunzi waandike la kwanza linalowajia, naye atajua pa kufundishia kesho.

Kuna faida nyingine ambayo kamati haikunipa nafasi ya kuieleza, kwani muda wa chai ulikuwa umefika. Kamusi ya akilini haizai kitenzi. Utando huzaa. Mwanafunzi anayeomba kalamu kwa kusema "borrow me" ameshakariri "lend" na maana yake ameiandika daftarini. Mwalimu ataeleza kwa pumzi moja kwamba neno limeingia lakini halijatanda. Wa leksikoni nao watuambie wao husemaje.