Mtoto Huyu Ametenda Dhambi Gani?

Wapendwa, katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hapa Mwanza bado tunauliza hivyo, tukisikia kwamba mama anayetumia heroini amejifungua.

Heroini iliingia nchini katika miaka ya 1980 kupitia pwani, kisha ikasambaa hadi miji ya bara. Mjamzito anapoitumia, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kitovu kikikatwa, nayo hukatika ghafla. Mara nyingi ndani ya siku tatu mtoto hutetemeka, hulia kwa sauti kali, hupiga chafya, huharisha na kushindwa kunyonya. Hajarogwa. Mwili wake unadai kitu ambacho hakukiomba.

Mwaka 1975 Daktari Loretta Finnegan wa Philadelphia, Marekani, alitoa jedwali la kuzipa alama dalili hizo, ili wauguzi wajue ni mtoto yupi anahitaji dawa, kama vile matone ya mofini. Lakini huduma ya kwanza ni ya mikono: chumba tulivu, mwanga hafifu, kumfunga mtoto vizuri kwa kanga, kumlisha kidogo kidogo, na kumlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Mariamu naye alimfunga mwanawe nguo kule Bethlehemu.

Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Baadaye huduma hiyo ikafika Mwanza, katika Hospitali ya Sekou Toure. Mjamzito huipata pia, kwa sababu kuacha heroini ghafla kunaweza kuiharibu mimba. Mtoto wake bado anaweza kupata dalili, lakini atazaliwa mbele ya wauguzi wanaomtarajia.

Hapo sisi wachungaji tuna la kutubu. Tulimwambia mama, "Acha leo leo," kisha tukamtenga. Naye akajificha, asiende kliniki wala ibadani. Tulidhani tunailinda madhabahu, kumbe tulikuwa tunamnyima mtoto muuguzi.

Basi, akija kwetu tumsindikize kliniki. Akijifungua, akina mama wampelekee uji. Siku ya ubatizo tumpokee mtoto kwa jina lake, bila minong'ono. Yesu hakumlaumu kipofu wala wazazi wake. Aliinama, akachukua udongo, akaanza kutibu.